Kabla hamjasaini: mfumo wa chuo unanunuliwa kwa ajili ya nani?

Wiki ya usajili hapa kwetu Mbeya ofisi ya TEHAMA inajaa kama stendi ya Nanenane siku shule zinafungwa, foleni inatoka nje mpaka kwenye miti, kila mtu na shida yake, huyu kontroo namba haijatoka, yule jina limekosewa. Katikati ya foleni hiyo akaja kijana wa mwaka wa pili, haoni kabisa, ameshikwa mkono na mwenzake wanayelala naye chumba kimoja hosteli. Alichotaka ni kidogo tu, kusajili masomo ya semista. Laptop anayo, NVDA anayo, hii ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, na vidole vyake kwenye kibodi vinakimbia kuliko vyangu. Nikamvutia kiti nikamwambia hebu fungua tuone wote.

Akafungua, akabonyeza kitufe cha Tab kinachokuhamisha kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Sauti ikasema batani. Tab tena, batani. Tab tena, batani. Mimi naona kwa macho pale pana picha ya nyumba, picha ya kengele, picha ya mtu, yeye anaambiwa batani batani batani, nilizihesabu zilikuwa kumi na moja na hakuna hata moja iliyotajwa jina. Tukafika kwenye masomo yenyewe, sasa pale ili uchague somo unatakiwa ulikamate kwa mausi upande wa kushoto, ulivute, ulidondoshe upande wa kulia. Njia nyingine hamna. Nikabaki kimya. Yeye ndo akanisaidia, akasema kwa upole tu, "Kaka usijali, huwa nampa huyu mwenzangu paswedi ananifanyia."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Paswedi hiyo hiyo inafungua matokeo yake, deni lake la ada, namba ya simu ya mama yake kijijini. Mwenzake ni mtu mwema, nimemwona mwenyewe, ila siku wakikosana je? Na kwanini mtu mzima aliyefaulu kidato cha sita aweke maisha yake yote mkononi mwa mtu mwingine kwa sababu sisi tulinunua kitu ambacho yeye hawezi kukishika?

Maana tulinunua, hatukupewa. Nikarudi kwenye faili la zabuni. Mle ndani kuna seva, kuna bakapu, kuna mafunzo ya watumiaji, kuna mpaka aina ya UPS, lakini hakuna sentensi hata moja inayosema mtu asiyeona naye ataingia kwenye mfumo huu afanye mambo yake mwenyewe. Na mimi nilikuwa kwenye kamati ya tathmini. Mzabuni hakutudanganya, hatukumuuliza. Tangu siku hiyo nimesoma sana hii habari na nimeshaikalia vikao kadhaa, naomba niieleze kwa urefu maana ni kitu ambacho vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa mpaka huku, vinaweza kukirekebisha kwa kalamu tu kabla hela haijatoka.

Neno lenyewe ni ufikivu. Mfumo una ufikivu kama mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, aliyeumia mkono, anayepata shida kusoma maandishi mengi, wote hao wanaweza kufanya kazi ile ile kwa muda unaokaribiana na wa mwingine, bila kuomba msaada. Watu wengi wakisikia ulemavu na kompyuta wanawaza kununua mashine maalum. Hapana. Vifaa vya mtumiaji mara nyingi vipo tayari na vingine ni bure kabisa, NVDA yenyewe ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia ambaye naye haoni, na hailipiwi hata shilingi. Simu za Android zina TalkBack, za iPhone zina VoiceOver, navyo ni visoma skrini kama NVDA, vimo humo humo ndani. Kinachokwama ni mfumo wa upande wa pili, kwa sababu kisoma skrini hakitazami picha ya ukurasa, kinasoma kodi iliyo nyuma yake, yaani "code", yale maelekezo ya kompyuta yaliyojenga ukurasa. Kama mtengenezaji aliweka picha ya kengele akasahau kuandika "taarifa" nyuma yake, kwa asiyeona hiyo kengele ni batani isiyo na jina. Kazi ya kuandika hilo jina ni dakika moja kwa aliyetengeneza. Kwa aliyenunua haiwezekani kabisa, kodi si yake.

Nitoe mfano mmoja ambao unaniuma kwa sababu ni mdogo mno. Kila ukurasa wa mtandao unatakiwa useme kwenye kodi yake uko kwa lugha gani. NVDA inakuja na sauti ya Kiswahili, ya kimashine kweli lakini inaeleweka vizuri ukiizoea. Sasa mfumo umeandikwa Kiswahili ila kodi inasema ni Kiingereza, basi ile sauti inasoma "malipo ya ada" kwa matamshi ya Kizungu, mtu anasikiliza mara tatu hajui ameambiwa nini. Kurekebisha ni kubadili herufi mbili, "en" iwe "sw". Herufi mbili! Na kuna mtu anaweza kuhangaika nazo miaka mitatu ya digrii.

Sasa mtu wa ugavi atauliza, sawa, mimi niandike nini kwenye zabuni, siwezi kuandika "mfumo uwe mzuri kwa wote", na yuko sahihi, hiyo kila mzabuni atajibu ndiyo. Hapo ndo kinaingia kiwango cha ufikivu kinachoitwa WCAG. Kinatolewa na W3C, hao hao wanaosimamia viwango vya mtandao wa dunia. Toleo la kwanza lilitoka 1999, la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 Oktoba 2023, na lile la 2.0 lilishapokelewa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2012 kwa hiyo si mambo ya watu wachache. Kina ngazi tatu, A ambayo ni ya chini kabisa, AA, na AAA. Ngazi ya kuandika kwenye zabuni ni AA, huko duniani sheria nyingi zimesimama hapo, na AAA wenyewe W3C wanasema usiilazimishe kwa tovuti nzima maana kuna vitu haiwezekani kuvitimiza.

Ndani yake kuna masharti yanayopimika, na uzuri wake uko hapo, hayabishaniwi. Maandishi ya kawaida lazima yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Ile kijivu nyepesi wanayoipenda wabunifu, kodi yake #999999, juu ya nyeupe inapata kama 2.85 tu, imefeli. #767676 inapita kwa shida. Kila kitu kifanyike kwa kibodi peke yake. Mtu akikuza maandishi mara mbili kitu chochote kisipotee. Video ziwe na maandishi ya maneno yanayosemwa. Na toleo la 2.2 limeongeza kitu ambacho kingemuokoa kijana wangu, kwamba popote panapohitaji kukamata na kuvuta lazima pawe na njia nyingine ya kubonyeza tu.

Kwahiyo sentensi ya kwanza ya kuweka kwenye vigezo vya kiufundi ni hii, mfumo ukidhi WCAG 2.2 ngazi ya AA, upande wa mwanafunzi na upande wa mfanyakazi, kwenye kompyuta na kwenye simu. Naomba uangalie hayo maneno "upande wa mfanyakazi" kwa sababu ndo yanayosahauliwa kuliko yote.

Kuna mama mmoja ofisi ya uhasibu, mtu wa Tukuyu, ana ualbino na kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino macho yake hayaoni mbali wala maandishi madogo. Kwenye kompyuta yake anakuza skrini mpaka asilimia 200. Mfumo wa fedha uliponunuliwa, kwenye hiyo asilimia 200 batani ya kuhifadhi ilikuwa inatoka nje ya skrini na ukurasa haukubali kusogea pembeni. Basi kila risiti anakuza ajaze, anapunguza atafute batani pua ikiwa inakaribia kugusa kioo, anahifadhi, anakuza tena. Risiti moja baada ya nyingine, siku nzima. Miezi inaenda na hajamwambia mtu, na kwenye kikao wakawa wanasema mama siku hizi amekuwa mzito. Nilikuja kuona mwenyewe siku nimeenda kumbadilishia printa, nikamuuliza mama kwanini hukusema, akanijibu, "Mwanangu, nikisema sioni si watanihamishia stoo."

Ndo maana nasema wafanyakazi hawalalamiki. Mwanafunzi ana serikali ya wanafunzi, ana marafiki, mfanyakazi anaogopa kazi yake. Na sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu, sasa unamwajiri halafu unamkalisha mbele ya mfumo asioweza kuutumia, hapo umetimiza hesabu tu, kazi hujampa.

Turudi kwenye manunuzi. Mzabuni wa nje, wa Ulaya au Marekani au hata Afrika Kusini, ukimwambia ufikivu atakuletea karatasi inaitwa VPAT. Hapa watu wengi wanapigwa chenga bila kujua kwa hiyo nikae kidogo. VPAT ni fomu tupu, imetengenezwa na ITI ambalo ni baraza la kampuni za teknolojia Marekani, na muuzaji anaijaza mwenyewe kuhusu bidhaa yake mwenyewe. Ikishajazwa inaitwa ACR, yaani ripoti ya ufikivu wa bidhaa hiyo. Kila sharti la WCAG lina mstari wake, na muuzaji anaandika inakidhi, inakidhi kiasi, haikidhi, au haihusiki, halafu pembeni anaweka maelezo. Si cheti. Hakuna aliyemkagua isipokuwa kama amesema nani alimkagua.

Ukiipata, anza na tarehe na toleo la bidhaa. Ripoti ya miaka minne nyuma inazungumzia programu ambayo haipo tena. Kisha tafuta namna walivyopima, kama wametaja visoma skrini gani na nani alijaribu, vizuri, kama wameandika tu "uelewa wa jumla wa bidhaa" basi kuna mtu alikaa mezani akajaza kwa kumbukumbu. Halafu soma safu ya maelezo. Mimi siku hizi ripoti yenye "inakidhi" kila mstari na safu ya maelezo nyeupe peee ndo inanitia wasiwasi kuliko zote, na ile yenye "inakidhi kiasi, kalenda ya tarehe haifunguki kwa kibodi, itarekebishwa" namwamini zaidi, huyo amekaa na bidhaa yake akaitazama. Na angalia ripoti inahusu kipande gani. Unaweza kukuta imeandikwa kwa ukurasa wa mwanafunzi tu, kule kwa mwalimu anapoingiza alama hawajagusa.

Kwanini hao wa nje wanazo hizo karatasi? Kwa sababu kwao wanabanwa pale pale kwenye ununuzi. Marekani kuna kifungu cha 508, kilirekebishwa 1998, kinazitaka taasisi za serikali kuu zinunue teknolojia yenye ufikivu, na Aprili 2024 wizara yao ya sheria ikatoa kanuni inayotaja WCAG 2.1 AA kwa majimbo na serikali za mitaa, vyuo vya umma vikiwemo. Ulaya wana kiwango cha EN 301 549 ambacho kiliandikwa hasa kwa ajili ya manunuzi ya umma, na sheria yao ya ufikivu kwa bidhaa na huduma imeanza kutumika Juni 28, 2025. Kwahiyo muuzaji wa huko akikwambia Tanzania hatuna hiyo ripoti, anayo, muombe tena. Na sisi hatuko mikono mitupu, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ibara ya 9 inazungumzia ufikivu mpaka wa teknolojia ya habari, ya 24 elimu, ya 27 kazi. Mkuu wa idara akiuliza hili limetoka wapi, limetoka hapo.

Kuna kisa cha Arizona kinaeleza vizuri kwanini karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 2009 chuo kikuu cha Arizona State kiliingia kwenye mpango wa kuwapa wanafunzi vitabu kupitia Kindle DX, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Kifaa kile kilikuwa kinaweza kusoma kitabu kwa sauti, ukiuliza tu "je kina sauti?" jibu ni ndiyo. Lakini menyu zake hazikuwa zinasoma. Yaani asiyeona angesomewa kitabu kizima kama angeweza kukifungua, na kukifungua ndo hawezi. Vyama vya wasioona vikaenda mahakamani, wakamalizana Januari 2010, na Juni mwaka huo huo wizara mbili za Marekani, ya sheria na ya elimu, zikawaandikia wakuu wa vyuo nchi nzima kuwaonya wasitumie vifaa vya namna hiyo. Kilichokosewa pale ni kuuliza kifaa kina nini badala ya kuuliza mtu ataanzaje mpaka amalize.

Basi sisi tukabadilisha namna ya demo. Zamani mzabuni anakuja na projekta, anatembeza mausi, kila kitu kinang'aa, tunakunywa chai tunaondoka. Sasa hivi tunaandika kazi kabla, kazi za kweli za watu wa kweli, kwa mwanafunzi ni kuingia, kusajili masomo matano, kupata kontroo namba, kuona matokeo, kubadili paswedi, kwa mfanyakazi ni kuingiza alama za wanafunzi arobaini, kuomba likizo, kutoa ripoti. Mzabuni anapewa orodha mapema, haviziwi. Siku ya demo tunamwomba achomoe mausi.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, watu wamevaa makoti mpaka masikioni. Kijana wa kampuni akachomoa mausi akaanza Tab, Tab, Tab, akajaza jina, akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, kalenda ikafunguka, na hapo hapo akanasa. Tab inazunguka ndani ya kalenda, tarehe moja kwenda nyingine, haitoki. Esc haitoki. Chumba kizima kikanyamaza maana kila mtu aliona, hata ambao hawajui lolote kuhusu kodi. Kwenye WCAG huo unaitwa mtego wa kibodi na ni kosa la ngazi A, ya chini kabisa, maana mtu akinasa hapo hawezi kufanya chochote zaidi ya kufunga ukurasa na kuanza upya. Yule kijana hakubisha, akatoa daftari akaandika. Baada ya wiki mbili wakarudi kalenda imetengenezwa, na juu yake wameongeza sehemu ya kuandika tarehe kwa mkono. Wakapata tenda.

Hicho kimenifundisha kitu kuhusu kampuni zetu za hapa nyumbani. Wengi hawana VPAT na hawajawahi kuisikia, na kuna watu kwenye kamati wanataka wakatwe pale pale kwa kukosa karatasi. Sikubaliani nao. Kampuni kubwa ya nje ukiiambia kalenda yenu inanasa watu, utapewa namba ya tiketi usubiri toleo la mwakani. Vijana wa Dar au wa hapa hapa Mbeya wanarekebisha ndani ya wiki, na wakisharekebisha, vyuo vingine vyote vinavyotumia mfumo wao vimefaidika. Mpe jaribio, mpe orodha ya makosa, mpe muda unaoeleweka, ukatae tu kusaini kabla hajamaliza yale yanayomfungia mtu nje.

Halafu na wanaojaribu wawe watumiaji wenyewe. Vipimo vya kujiendesha kama WAVE au axe au ile Lighthouse iliyo ndani ya Chrome ni vizuri, vinakamata rangi hafifu na lebo zilizokosekana kwa sekunde chache, ila vinaona sehemu tu ya makosa. Kipimo kitakwambia picha ina maelezo, hakitakwambia kwamba maelezo yenyewe yameandikwa "picha1". Sisi tulimwita yule kijana wa mwaka wa pili na yule mama wa uhasibu, na nilisimamia walipwe posho kama mjumbe mwingine yeyote wa kikao, kwa sababu ile ni kazi. Mama alikaa na mfumo nusu saa akaona makosa manne ambayo mimi na digrii yangu sikuyaona. Alipomaliza akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akarudi zake kwenye risiti.

Mtakutana pia na muuzaji atakayesema hamna shida, tunaweka kidude. Ni kile kialama cha mtu pembeni ya ukurasa, ukikibonyeza kinakuza maandishi na kubadili rangi, anakwambia mstari mmoja wa kodi na mfumo mzima umekuwa na ufikivu. Usikubali kulipia hicho kama suluhisho. Batani isiyo na jina inabaki bila jina la maana, mtego wa kalenda unabaki, na anayetumia kisoma skrini tayari ana vifaa vyake, wakati mwingine hicho kidude kinagongana navyo. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza kampuni ya accessiBe dola milioni 1 kwa kudai kidude chao kinaweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi WCAG.

Mkataba wenyewe sasa. Hapa ndo nguvu ya chuo ilipo na inaisha siku mnayosaini, baada ya hapo ni kuombana. Vitu ambavyo mimi nisingependa vikosekane ni hivi: kiwango kitajwe kwa jina na namba. Makosa yaliyoonekana kwenye demo yaambatanishwe yakiwa na tarehe ya kurekebishwa kila moja. Sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka kamati ya ukaguzi na mapokezi irudie zile kazi za kibodi na kuridhika, maana mfumo nao unapokelewa kama mnavyopokea viti, huwezi kusaini umepokea viti hamsini wakati kumi havina miguu. Na kila apdeti isivunje kilichokuwa kinafanya kazi. Hiyo ya mwisho iandikwe kwa nguvu, kwa sababu mfumo unaopita leo unaweza kuharibika usiku mmoja wakibadilisha muonekano, na muuzaji atasema ufikivu ulishapokelewa.

Vyuo vya umma vinanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, kwa hiyo kipengele kikikosekana kwenye vigezo vya idara tumizi hakitaibuka chenyewe kwenye tathmini, kamati inatathmini kilichoandikwa tu na haiwezi kuongeza sharti katikati ya safari. Vyuo binafsi vina uhuru zaidi ila kwa uzoefu wangu uhuru huo unatumika kuharakisha.

Kuna ununuzi mwingine ambao haupiti kokote na madhara yake ni yale yale, vile vitu vya bure. Mwalimu anafungua fomu ya mtandaoni, idara inahamia kwenye programu fulani ya mitihani kwa sababu ni bure kwa mwaka wa kwanza, mtu anaongeza kiongezo kwenye Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni. Moodle yenyewe imefanyiwa kazi nzuri upande wa ufikivu, ila kiongezo kilichotengenezwa na mtu mwingine kinaweza kuwa na mambo yake. Na matangazo yetu ya kwenye grupu za WhatsApp, tangazo limechapwa, likasainiwa, likapigwa picha, likarushwa, asiyeona anasomewa "picha" basi. Faili la maandishi lilikuwepo kwenye kompyuta ya sekretari. Lirushwe hilo pia.

Kama mfumo mlishanunua na umeshakaa, kama sisi, mlango haujafungwa wote. Laisensi nyingi zinalipiwa kila mwaka, na wiki chache kabla ya kulipa muuzaji anapokea simu haraka sana. Sisi tulipeleka orodha ya makosa kumi na mawili, tukiyapanga kwa nani anazuiwa kufanya nini, si kwa namba za WCAG, juu kabisa tukaweka kuvuta na kudondosha. Wakati tunasubiri, ofisi ya usajili ikapewa utaratibu wa maandishi kwamba mwanafunzi asiyeweza kutumia ile sehemu anatuma orodha ya masomo kwa baruapepe na afisa anamsajilia kwa akaunti ya ofisi, kwahiyo hakuna tena kutoa paswedi kwa mtu. Kuvuta na kudondosha kulirekebishwa kabla ya semista ya pili, sasa pana kisanduku cha kutiki pembeni ya kila somo. Zile batani kumi na moja, nane zimepewa majina, tatu bado tunadai.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mpango wa manunuzi unaandikwa miezi kadhaa kabla. Kama idara yako ina mfumo kwenye mpango huo, nenda kwa mtu wa ugavi sasa hivi na ile sentensi moja ya kiwango, na orodha ya kazi tano mtakazotaka zifanyike mausi ikiwa imechomolewa.